Mzee Abednego na Ndege Iliyokatwa Mabawa

Baada ya miaka kumi na tisa katika karakana yetu ya Wetherill Park, Mzee Abednego Mwasomola anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Oktoba 2021. Uongozi umeniomba niandike jambo la kuchangamsha. Naanza na hilo.

Alifika Sydney akiwa seremala kutoka Tukuyu, akaishia kuunda upya ndege za kale kwa ajili ya makumbusho. Ndiye aliyenifundisha mimi, Coletha, kuvika mabawa kitambaa. Hupiga mluzi akipiga randa, na chai aliyopika mtu mwingine hanywi.

Kazi yake kubwa ilikuwa ndege ya kivita ya Kijerumani, ya Vita vya Kwanza, yenye mabawa ya juu na ya chini. Wajerumani waliunda moja tu ya majaribio, nayo ikapotea. Yeye aliifufua kutokana na picha. Wageni wakimuuliza Mtanzania na ndege ya Mjerumani wapi na wapi, hujibu, "Babu yangu aliwabebea mizigo vitani kwa viboko. Mimi angalau nalipwa."

Sasa lile lisilochangamsha. Agosti, mji ukiwa umefungwa kwa korona, mkurugenzi alitaka nafasi ya ndege aikodishe kama ghala. Mzee aliomba asubiri hadi makumbusho waje kuichukua. Mkurugenzi alikubali, tukasikia sote.

Mzee alipowekwa karantini nyumbani kwake Doonside, walikuja vibarua wawili na misumeno. Walikata mabawa yote ili yaenee kwenye kontena la taka. Nilimpigia Mzee simu.

Akauliza, "Mwili umebaki?"

"Umebaki, Mzee."

"Basi dada, simama mbele yake. Usiondoke."

Nilisimama. Vibarua walimpigia mkurugenzi, akanifokea kwenye spika, nikabaki pale pale. Mwishowe walikusanya misumeno yao wakaenda zao. Wiki iliyofuata makumbusho waliuchukua mwili.

Ratiba ya sherehe ya kumuaga inasema Mzee ameamua kupumzika. Si kweli. Alirudi, akaona vumbi la mbao zake sakafuni, akasema hawezi kumfanyia kazi mtu wa namna hiyo. Mkurugenzi ameniomba pia niitaje ndege kama fahari ya kampuni. Haikuwa ya kampuni. Ilikuwa ya Mzee.

Hivi sasa anachonga mabawa mapya katika gereji yake, na makumbusho wanayasubiri.

Mzee wetu, asante kwa subira yako na kwa kutufundisha kazi. Tunakutakia afya njema na usingizi mtulivu. Aliyetoa amri ile hatumtakii lolote.