Baba Skhosana na Moto wa Januari

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na minne kwenye uwanja wa makaa ya mawe, Baba Petros Skhosana anastaafu kutoka Kituo cha Umeme cha Doornvlei. Angestaafu mwaka jana. Aliomba abaki, akisema haondoki kabla hajaona tukiulinda moto sisi wenyewe katika mvua za Januari.

Alianza na koleo, akawa dereva wa tingatinga, kisha msimamizi wa zamu. Umeme wetu huanzia kwa watu wake: makaa husagwa kuwa unga, unga huwaka, maji huchemka, mvuke huzungusha mitambo. Lakini mvua ikishika, makaa hugeuka tope na kung'ang'ania kwenye mabomba ya kushushia. Tanuri likikosa chakula huzima, na wilaya nzima hulala gizani.

Tiba yetu ni nyundo na wimbo. Timu hugonga mabomba kwa pamoja, na wimbo ndio unaoshika mapigo. Mkigonga ovyo, tope huzidi kukwama. Mwaka wake wa kwanza kama msimamizi Baba alipiga marufuku wimbo, akiona ni mchezo. Tanuri lilizima kabla ya chakula cha mchana. Hadithi hiyo huisimulia mwenyewe, akicheka kuliko wote.

Tangu hapo aliongoza wimbo mwenyewe, na hakuwa na huruma kwa anayegonga kivivu. "Mnabisha hodi kwa mkwe nyinyi? Gongeni!" Kisha anagawa maandazi ya mkewe, Mama Thokozile. Tulimwambia sauti yake ni mbaya. "Makaa hayajalalamika," alijibu.

Januari hii mvua ilimkuta nyumbani, goti limetoka kupasuliwa. Nomcebo Mtsweni wa timu yetu ndiye aliyeongoza nyundo. Siku ya pili makaa yalikwama, moto ukaanza kufifia. Simu ikalia.

"Umezima?"

"Bado, Baba. Tunagonga."

"Nani anaimba?"

"Nomcebo."

"Afadhali. Hebu nipelekeni nisikie."

Mmoja wetu aliibeba simu hadi kwenye mabomba. Baba alisikiliza mpaka makaa yaliposhuka kwa kishindo na moto ukanyanyuka.

Aliporudi kazini, jambo la kwanza aliloomba ni tarehe ya kustaafu.

Asante, Baba, kwa miaka yote hiyo, na kwa kutuamini. Tunakuombea afya na siku ndefu pamoja na Mama Thokozile. Mvua ikinyesha, jifunike ulale.