Tawi Kwenye Njia Panda ya Mawe Mapacha

Wasikilizaji wapendwa, mlioko majumbani, na ninyi mnaosikiliza redio moja watu kumi, karibuni. Leo tunamkumbuka Ndugu Modest, mkulima wa Bukene, aliyefariki Oktoba mwaka jana, 1975, kwenye makorongo ya Mawe Mapacha. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Hakuwa mkubwa serikalini. Alikuwa mtu wa baiskeli na mawe.

Baiskeli aliinunua mwaka wa uhuru, baada ya mavuno ya karanga. Wenzake walinunua za kwendea mnadani na kanisani. Yeye akaelekeza gurudumu porini. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda Mawe Mapacha, majabali mawili yaliyosimama kwenye nyika kavu, na katikati yake makorongo membamba yasiyoona tone la maji miezi saba ya mwaka. Alipanda, akashuka, akapenya kwenye nyufa. "Baiskeli ilimbeba nusu ya njia, nusu iliyobaki aliibeba yeye," anasema mdogo wake, Anton. Kwenye mteremko breki yake ilikuwa kisigino, kwa hiyo viatu vyake vyote viliisha upande mmoja.

Mkewe, Pelagia, alimuuliza siku moja, "Baba Getruda, huko kuna nini?"

"Kuna mawe."

"Na Jumapili iliyopita?"

"Jumapili iliyopita niliyaona ya upande ule."

Babu yake Modest alikuwa mpagazi, aliyebeba pembe kutoka Tabora hadi pwani. Wapagazi walikuwa na desturi yao. Anayetangulia akifika njia panda, hukata tawi na kulilaza kwenye njia asiyoifuata. Walio nyuma wakiliona wanajua kwamba huku hakupita, wasije wakapotea. Modest aliishika desturi hiyo maisha yake yote, na Bukene nzima wanaijua. Tafadhali lishikeni hilo, wasikilizaji: tawi hulazwa kwenye njia inayoachwa.

Mwaka wa sabini na nne watu wakahamia kijiji kipya cha ujamaa. Kaya mia mbili, kisima kimoja, nacho kikakauka mwaka uliofuata. Mwenyekiti akamwita Modest. "Wewe unayezunguka mawe bure, sasa zunguka kwa faida yetu. Tutafutie maji." Mchezo aliochekwa miaka kumi na minne ukawa kazi ya kijiji. Anton anasema kaka yake alifurahi mpaka akaiosha baiskeli kwa maji yale yale yaliyokuwa haba, na shemeji akamgombeza kweli kweli.

Lakini kiu haina subira. Kila alipotoka, akina mama walimfuata na madebe. Wiki ile ya Oktoba aliingia korongo la kushoto siku tatu mfululizo, na madebe nyuma yake. Siku ya tatu jiwe liliporomoka likamjeruhi mama mmoja mguu. Modest hakula siku ile. Alhamisi, kabla kijiji hakijaamka, akaondoka peke yake. Jioni hakurudi.

Ijumaa watu thelathini walikwenda kumtafuta, Pelagia akiwa mbele. Wakafika njia panda. Njia moja inakwenda korongo la kushoto, nyingine la kulia. Kwenye njia ya kulia kulikuwa na tawi limelala, majani bado mabichi. Watu wote wakamtazama Pelagia, maana yeye ndiye mke. Akasema, "Amefunga kulia. Twendeni kushoto."

Wakaenda kushoto. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Waliita mpaka sauti zikakauka. Alama za baiskeli zilikuwapo huko, za mwanzoni mwa wiki, zikawatia moyo. Kulia hakuna aliyevuka lile tawi. Ndivyo walivyolelewa.

Jumatatu akashuka kwenye treni Yahaya, fundi baiskeli wa Ipuli, Tabora mjini, rafiki wa Modest. Yahaya ni mtu wa mjini, habari za matawi hazijui. Yeye akatazama chini. "Tairi lake la nyuma nililishona mwenyewe kwa waya," akasema. "Alama ya mshono hii hapa. Imepita chini ya tawi, wala haikurudi."

Wakalivuka tawi. Modest alikuwa ameingia kulia, kisha akalilaza tawi nyuma yake, ili akina mama wasimfuate kwenye mawe yanayoporomoka. Walimkuta kabla ya adhuhuri, mguu umebanwa na jiwe, amekwisha kufa. Hatua kumi juu yake maji yalikuwa yakitoka kwenye ufa. Daktari aliyeuangalia mwili alisema huenda aliishi mpaka Jumamosi.

Mpaka Jumamosi, wasikilizaji.

Pelagia hakulia. Siku ya maziko aliuliza kama kuku wamefungiwa. Tulipomtembelea tulimkuta akifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. "Niko kama mkono uliolaliwa," alituambia. "Nauona ni wangu, lakini sina habari nao." Tukamuuliza angependa tuseme nini redioni.

"Semeni ni mimi niliyesema twende..."

"Shemeji, acha," Anton akamkatiza kwa upole. "Ni mipango ya Mungu."

Pelagia akamsubiri amalize. "Mmeona? Tangu Oktoba sijapata kuimaliza habari hiyo. Padri, 'Pole, mama.' Mwenyekiti, 'Usijilaumu, maji tumepata.' Wananihurumia mpaka wananiziba mdomo. Ninyi mna redio. Redio haikatizwi. Someni mpaka mwisho."

Mama Getruda, Ndugu Anton na ukoo wote, tunawapa pole nyingi. Mungu amlaze Ndugu Modest mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize: jirani aliyefiwa akianza kusema, je, tunamsikiliza, au tunamnyamazisha kwa pole zetu? Keti naye, ndugu msikilizaji. Mwache afike mwisho.

Na haya ndiyo maneno ya Pelagia. Hapa studio hakuna atakayeyakatiza.

"Mimi, Pelagia, mke wa Modest, nilisimama njia panda, nikaliona tawi, nikasema twende kushoto. Mume wangu alikuwa kulia. Alikuwa hai."