Divai Isiyo ya Kanisani

Sogeeni, wanangu, nawe Cleopas usijifiche nyuma ya mlango, maana daktari amesema mapafu haya hayatauona mwaka wa sabini na nane, na sitaki kuingia kaburini na kinyaa hiki kooni. Truphosa, nyumba hii ya Erdington ni yako, wewe uliyenivua viatu na kunikogesha. Shem, visu vyangu vya jikoni ni vyako, usikate navyo kamba. Hayo yamekwisha. Zimebaki zile chupa mbili chini ya ngazi.

Miaka saba nilifanya kazi Edgbaston, katika hoteli ya Mfaransa mzee, kwanza nikiosha sahani, kisha nikimimina divai mezani. Alipofunga akarudi kwao, alinipa chupa sita za Cahors, divai ya upande wa kusini wa nchi yake, nyeusi karibu na wino, inayokamata ulimi kama ndizi mbichi. Divai hiyo haipendi upweke. Inataka mafuta: bata na ngozi yake, kondoo mnono, maharagwe yaliyochemka mchana kutwa pamoja na soseji, na hapo ukali wake hulainika na mdomo ukabaki safi. Lakini hapa Birmingham nimewaona wakiitia kwenye friji, wakiichanganya na soda, wakiinywa na samaki wa siki, na bwana mmoja mwenye pete ya dhahabu akaniagiza nimletee pamoja na keki ya krimu. Nilimletea, nikaenda nyuma nikatema mate.

Hao lakini si damu yangu. Pasaka iliyopita, nikiwa nimelazwa hospitali, divai ya Ushirika ilipungua kanisani kwetu, na Cleopas, mzee wa kanisa, akaja akachukua chupa moja, kwa kuwa kwetu neno ni moja tu, divai ni divai. Watu wamezoea ile tamu ya Meza ya Bwana. Mama Peninah alikunja uso, mwingine akakohoa, mchungaji akasema imechacha. Basi mwanangu akarudi na aibu yake, akafungua tatu nyingine, akazionja akiwa amesimama, tumbo tupu, akazimwaga zote kwenye sinki na kulisugua kwa sabuni.

Nilipotoka hospitali nilimwambia asiyejua maana haambiwi maana, nikageukia ukuta, na tangu siku ile hata uji wa mkono wake sijaugusa. Miezi saba. Truphosa aliniambia, Baba, hiyo ni divai tu, nami nikamjibu kwamba ndugu yake ananitia kichefuchefu.

Niinulieni mto kidogo. Hivyo. Kuna jambo sijapata kuwaambia. Mwaka wa sitini na nane, wiki yangu ya kwanza, Mfaransa yule alinimiminia Cahors hiyo hiyo, na mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, niliitemea viatu vyake, nikasema ni dawa ya minyoo. Hakunitukana. Alifuta viatu, akaniketisha, akanikatia bata na mkate, akasema nile kwanza, halafu nionje tena. Mtu asiyenizaa. Na wewe niliyekuzaa nilikurushia methali, Cleopas, uvivu wangu nikauita hekima. Karibu miaka miwili chupa zilikaa chini ya ngazi, na sikuwahi kukuketisha nikufundishe. Najichukia kwa hilo, na nalisema wazi wenzako wasikie.

Kwa hiyo msingoje matanga yangu. Truphosa, loweka maharagwe Ijumaa. Shem, nunua bega la kondoo kwa Harbans kule Tyseley, na usimruhusu apunguze mafuta. Jumamosi fungueni chupa zote mbili saa moja kabla ya kula. Nyama nitaikata mimi. Mkono ukitetemeka, nishikeni kiwiko.

Nisipofika Jumamosi... Cleopas, ukate wewe. Mkubwa ni wewe. Mungu awape meza iliyojaa, na moyo mpana kuliko wa baba yenu. Pumzi inakatika. Kinyongo sina tena... nawe unisamehe, ukiweza.

Nishike mkono. Si wewe, Shem. Cleopas.