Papa Barnabé na Gari la Moshi la Makopo

Ndugu na jamaa, majirani, na ninyi wafanyakazi wa reli, mimi Françoise, mtoto wake wa kwanza, ndiye niliyepewa kazi ya kusoma maisha ya baba yetu, na nitayasoma kwa kujivuna, mtanisamehe.

Papa Barnabé Kisimba alizaliwa tarehe 11 Machi 1934 hapa Albertville, njo Kalemie yetu ya leo, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1948, na tangu tarehe 2 Februari 1953 akafanya kazi ya kuunganisha mabehewa stesheni hadi alipostaafu mwaka 1989. Tarehe 6 Agosti 1966 alifunga ndoa na Mama Pétronille, wakajaliwa watoto wanne, mimi, Hubert, Adolphine na Fidèle.

Kila mmoja wetu, kabla hata ya kutembea vizuri, alichezeshwa na baba, ambaye akitoka kazini alipiga magoti sakafuni, akaunganisha makopo ya sardini yawe gari la moshi, akituuliza lipi ni refu, lipi ni fupi, tukitoka Kalemie tunafika kwanza Nyunzu ama Kabalo, na mtoto akikosea walicheka wote wawili na kuanza upya. Majirani walimcheka, na kaka yake, Papa Casimir wa Nyunzu, aliyemkuta siku moja akitambaa na kunguruma, aliamini kabisa kwamba mama amemlisha dawa ya kumpumbaza, akaita kikao cha jamaa, ikaamuliwa kwamba nikishindwa darasa la kwanza, huo ndio ushahidi, mama arudishwe kwao.

Siku ya proklamasio, ya kutangaza matokeo, tarehe 2 Julai 1975, direkta wa shule alimwita wa kwanza, Kaseba Kisimba, akaendelea hadi wa mwisho, na Papa Casimir, aliyenijua kwa jina la ubatizo tu, akasahau kwamba wakati ule shule zilisoma majina ya mababu peke yake, hakusikia Françoise popote, akamwambia mama mbele ya watu akafunge mizigo, na mama alikuwa amekwisha kuinuka nilipofika na buletini yangu ya alama mkononi, kwani Kaseba ndiye mimi. Baba alicheka tu. Wadogo zangu wakafuata njia ile ile, sote wanne tukapata diploma ya Serikali, na leo mimi ni mwalimu.

Mwaka 1992 figo zilianza kumsumbua, akalazwa hapa mjini, akatuaga tarehe 9 Mei 1993, akiacha wajukuu sita aliowachezesha hadi magoti yalipokataa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi matangani, wenzake wa reli waliobeba jeneza, na zaidi Papa Casimir, ambaye jana, watu walipoanza kunong'ona habari za nyumba ya mjane, alisimama mbele ya jamaa yote akasema huyu mama haendi popote.

Pumzika kwa amani, Papa, Mama Pétronille yuko nyumbani kwake.