Phelesia Nyangi na Neno Lililobaki Kwenye Faili

Wachungaji, wakwe zetu wa Rusinga na nyote mliokuja kutusindikiza, mimi ni Joash Maranga, kaka mkubwa wa marehemu, na ile historia ya Kiingereza iliyo kwenye programu mlizoshika sitaisoma, kwa sababu imeandikwa na chuo alikosomea, na chuo kimeruka mahali panapouma.

Phelesia Nyangi alizaliwa tarehe 14 Machi 1996 huko Osiri, Migori, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nicodemus Maranga, mchimbaji dhahabu, na Mama Risper. Aliingia darasa la kwanza mwaka wa 2002, na huko, kama sisi sote, alifunzwa kukariri insha za Kiingereza za watu wengine na kuzimwaga kwenye mtihani, na kila alipozimwaga bila kukosea alipigiwa makofi mbele ya gwaride. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2013.

Septemba 2015 alijiunga na chuo kusomea fiziotherapia, maana alikuwa ameona migongo ya wachimbaji ikiharibika, wa kwanza akiwa baba yetu. Alipoagizwa kuandika ripoti ya utafiti alifanya alivyofunzwa, akakariri kurasa mbili za kitabu na kuziandika neno kwa neno, akidhani anaonyesha bidii, kwa kuwa somo la Kiingereza cha kitaaluma lilikuwa kwenye ratiba lakini halikuwa na mwalimu. Tarehe 6 Machi 2017 alisimamishwa masomo miaka miwili kwa wizi wa maandishi. Jambo alilopigiwa makofi utotoni ndilo lililomfanya aitwe mwizi, na mimi hasira hiyo haijanitoka.

Alirudi Osiri, akawa anakanda migongo mchana na kujifunza mwenyewe uandishi wa kitaaluma jioni, kisha tarehe 8 Desemba 2018 akaolewa na Javan hapa Rusinga. Aprili 2019 alirudi chuoni, akafuzu Desemba 2020, na kila Jumamosi aliwafundisha wenzake namna ya kueleza matokeo ya mtafiti kwa maneno yako mwenyewe na kumtaja, akajaza daftari la kurasa arobaini. Mwaka wa 2022 chuo kililichapa daftari hilo, kikawa kinawagawia wanafunzi wa fiziotherapia na wa sayansi ya michezo, na jina lake halimo, hata nyuma ya jalada.

Mtoto wao, Nicholas, alizaliwa tarehe 11 Februari 2021. Mwaka huohuo Nyangi aliajiriwa kliniki ndogo mjini Homa Bay, lakini mara tatu alipoomba kazi hospitali kubwa, barua ya chuo ya kumpendekeza ilitaja ule wizi, akakataliwa, na maombi yake ya kulifuta neno hilo kwenye faili lake hayakujibiwa.

Juni 2024 alipatikana na saratani ya matiti, akatibiwa Homa Bay na Kisumu, akafariki tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na miaka ishirini na tisa. Wiki ya mwisho aliniuliza kama barua ya chuo ya kulifuta neno hilo imekuja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi matangani, wafanyakazi wenzake wa kliniki, na wachimbaji waliofunga mashimo leo ili waje. Wajumbe wa chuo, shada lenu la maua tumelipokea, barua bado tunaingoja.

Nyangi, dada yangu, pumzika kwa amani, sisi tuliobaki hatutapumzika mpaka neno hilo litoke kwenye faili lako.