Kumi na Nne Isiyochanwa

Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba cha fundi cherehani, na ukikaa upande wa kulia unaiona kalenda yake ya kuchana karatasi kila siku ikining'inia juu ya meza ya kukatia. Asubuhi hiyo Brashi, mchora vibao, alikuja na kopo la rangi nyeupe. Alikuwa amekubali kutuandikia bure kwenye ubao wa mgongo wa benchi, mstari mmoja tu, ili kila mpita njia ajue hapa hawakai wavivu. Basi ikatubidi tuchague jambo moja kubwa lililowahi kutokea hapa, na hapo ndipo kahawa ilipoanza kupoa.

Katibu, karani mstaafu anayetunza daftari la kijiwe, alivaa miwani akasoma.

— Maji ya bomba yalifika mtaani tarehe kumi na nne. Timu yetu ilichukua kombe tarehe kumi na nne. Taa ya barabarani iliwaka mara ya kwanza, tarehe kumi na nne.

— Zote? akauliza Brashi.

— Zote. Miaka mitatu, tarehe moja. Ndiyo maana wakasema haba na haba hujaza kibaba.

Vichwa vikatuvimba, na changu hakikubaki nyuma. Katibu alisema redio kila siku inataja mambo ya tarehe kama ya leo, wafalme na vita, lakini hajasikia mtaa mmoja wenye mambo matatu ya tarehe moja. Penalti, aliyekuwa kipa wa timu yetu, hakutaka kombe lake lifunikwe na bomba.

— Ile penalti ya mwisho si mimi niliyeipangua, jamani. Ilipanguliwa na tarehe.

Akaendelea kwamba hata dunia lazima iliumbwa tarehe kumi na nne, kwa kuwa zile kumi na tatu za mwanzo zilikuwa za kupima kiwanja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akamalizia, na hakuna aliyemuuliza mvungu umeingiaje.

Mlangoni alisimama mwalimu mgeni, aliyehamia mtaani wiki ile, akingoja sketi yake ipunguzwe kiuno. Alituamkia vizuri, kisha akamgeukia Katibu.

— Samahani, mzee wangu. Hizi tarehe unazitoa wapi?

Katibu aliielekeza kalamu kwenye kalenda, ametulia kama mwenye hati ya kiwanja. Kumi na nne ilionekana hata kutoka barabarani. Mwezi umeandikwa kwa herufi za sisimizi, kutoka benchini hausomeki, na hatukuwahi kuona haja ya kuusogelea.

— Na huchanwa na nani?

Penalti alichungulia kikombe chake kama aliyeangusha kitu humo. Ndani, cherehani ikanyamaza.

— Haichanwi, alisema Fundi.

Alitoka na utepe wake wa kupimia shingoni. Alituambia tarehe hiyo ni ya miaka minne iliyopita, siku binti yake alipoapishwa kuwa hakimu. Binti huyo tulimlea sote. Hesabu za shule alizifanyia kwenye benchi hili hili.

— Joho alilovaa nililishona hapa. Kesho yake asubuhi nikanyoosha mkono niichane ile siku, mkono ukakataa. Mpaka leo unakataa.

— Mbona hukutuambia tuandike, Fundi? Katibu aliuliza, sauti imemshuka.

— Niliwaambia. Mlikuwa mnabishana kuhusu mpira.

Ilituuma, maana ni kweli. Katibu alifuta tarehe zake zote tatu, mstari mmoja mmoja, akampa Fundi daftari na kalamu. Fundi akasema mikono yake imezoea chaki, aandike yeyote. Hapo Brashi akafungua kopo. Hakumuuliza mtu, na kwa mara ya kwanza kijiwe hakikumsahihisha mtu anayefanya kazi yake. Aliandika: TAREHE 14. JOHO LA HAKIMU LILISHONWA HAPA.

Nafasi ubaoni ikaisha. Penalti alisogea mwisho kabisa wa benchi ili kila apitaye asome vizuri, naye mwalimu akauliza, kwa upole tu, leo ni tarehe ngapi.

Hakuna aliyejua.