Popote Nitakapopangiwa

Assalaam alaykum, na kwa wasio wa salamu hiyo, habari za mchana. Wazazi wetu mliokaa huko nyuma, shikamooni. Mwenyekiti ananijua, nikishika maneno siachii, ndiyo maana amekaa karibu yangu. Sisi wahitimu tunaokutana hapa Kisarawe kila Jumamosi kufarijiana tumezoea kusikia habari za kukosa. Leo naeleza nilivyokosa, kisha nilivyopata, na katikati kuna mayai ya kuku. Mtanivumilia.

Mimi ni binti wa Msimbu. Nilisomea elektroniki, na tangu mwaka wa pili moyo wangu uliangukia kwenye chipu, vile vidude vidogo vinavyoamua mambo ndani ya simu, redio na gari. Nilipohitimu nikarudi nyumbani, na kila niliyekutana naye njiani aliniuliza, umepangiwa wapi? Mnalijua hilo swali. Kwetu kazi haitafutwi, unapangiwa, kama vile majina yote yako mezani kwa mtu fulani na wewe kazi yako ni kusubiri lako lisomwe.

Baba yangu ni mkulima wa mihogo na korosho, na alinilea kwa sheria moja: mtoto mwenye adabu hachagui. Ukiwekewa sahani ugenini, kula kilichomo. Ukiulizwa unataka nini, sema chochote. Ukiandika barua ya kuomba kazi, malizia kwamba upo tayari kufanya kazi popote utakapopangiwa. Nani hapa hajawahi kuandika sentensi hiyo, anyooshe mkono. Haya, naona hakuna.

Basi nikapata usaili kwa njia ya mtandao, kampuni ya nje. Bwana mmoja akaniuliza, katika kazi za chipu, unataka kukaa na wanaozibuni, wanaozitengeneza, au wanaozipima? Nikamjibu kwa heshima zangu zote kwamba popote mtakaponipangia. Akaandika kitu, nikakosa. Kampuni ya pili, swali lilelile, jibu lilelile. Hao angalau waliniandikia: masomo yako ni mazuri, lakini hatukuona unataka nini. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nililia, halafu nikakasirika. Nimeonyesha adabu, naambiwa sina ninachotaka. Niliwasema wale watu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wazazi.

Baba naye alikuwa amechoka kuulizwa. Akanitafutia nafasi ya ukarani kwenye ofisi moja, na wenyewe wakataka jibu upesi. Nikamwomba aniache kwanza nijaribu kampuni moja ya mwisho, ya Malaysia. Akakubali kwa shingo upande. Nikahamia Kibaha, mtaa wa Pangani, kwa mjomba wangu, kwa sababu kwake mtandao haukatikikatiki.

Mjomba ana mashine ya kutotolea vifaranga. Majirani wanamletea mayai yao, anawatotolea, ndiyo riziki yake. Wiki niliyofika, mashine ilikuwa imejaa na mayai yamekaribia kuanguliwa. Mchana mmoja mjomba akagusa yai, akashtuka. Yai la moto kupita kiasi, na kioo cha mashine kinasema joto liko sawasawa. Fundi akaja, akasema nunueni mashine nyingine, akaondoka.

Hapo nikaingia mimi. Mle ndani mlikuwa na mayai ya nusu ya mtaa, na joto likizidi kidogo tu vifaranga wanafia humohumo. Nikafungua mlango, nikazima, nikamwomba mjomba aazime themometa ya kioo. Tukawa tunawasha na kuzima kwa mkono, macho kwenye themometa, tunapokezana hata kwenda kuswali. Nikapima feni, nzima. Nikapima waya, nzima. Ikabaki sensa, chipu ndogo kama punje ya mchele inayoiambia mashine kuna joto kiasi gani. Asubuhi ilikuwa inasema kweli. Kwa nini mchana idanganye?

Nikaichomoa, nikaifunga ndani ya nailoni, nikaitia kwenye kikombe cha maji pamoja na themometa. Maji ya baridi, wanakubaliana. Nikaongeza ya moto kidogo kidogo, wanakubaliana bado. Kisha nikaiacha humo kwenye uvuguvugu kwa muda mrefu, na hapo ikaanza kushuka taratibu, inasema uongo bila haya, huku themometa imesimama palepale; ndiyo maana mashine ilikuwa inazidisha moto. Ndugu zangu, nilifurahi mpaka nikaona aibu, maana mayai ya watu yalikuwa hatarini na mimi nachekea kikombe.

Mjomba alipata sensa nyingine mjini, nikaifunga. Sitawaongopea, mayai mengine yaliharibika. Mengi yakaanguliwa. Jioni ile mjomba akanitazama akasema, "Wewe tangu ufike hapa umenuna. Mashine imeharibika, hujanuna hata kidogo. Unalijua hilo?"

Sikuwa nalijua. Nikakaa nalo. Kumbe sikutaka kubuni chipu, wala kuzitengeneza. Nilitaka kuwa yule anayeikamata inapodanganya, kabla haijafika kwenye mashine ya mtu. Hiyo ni kazi kamili, ina watu wake na maabara zake. Sikuwahi kuitaka kwa sauti kwa sababu nilifundishwa kutaka ni utovu wa adabu.

Siku ya usaili baba akaja kutoka Msimbu kuniombea dua. Pia alikuja kunichukua, maana ofisi ya ukarani ilimwambia keshokutwa ndiyo mwisho. Akakaa kwenye kiti pembeni, kofia gotini. Kabla sijawasha kompyuta akaniambia, "Waambie popote. Usijifanye mkubwa."

Mama mmoja wa Malaysia akauliza swali lilelile. Nikamwambia nataka kupima, nikamweleza habari ya kikombe. Akasikiliza, kisha akasema nafasi za kupima huenda zisiwepo, ila ya mauzo ipo, tena sasa hivi. Utaichukua?

Baba hajui Kiingereza, lakini "no" anaijua, kila mtu anaijua. Nikaitamka. Nikasikia kiti kikilia.

Nilipomaliza, alikuwa amesimama mlangoni. "Umemkatalia mtu mwenye kazi mkononi?"

"Ndiyo, baba. Nimekataa isiyo yangu."

Akavaa kofia, akaondoka. Ukarani ukaenda kwa mwingine. Ukafuata wakati mgumu kuliko yote. Nikimpigia simu na kumwambia shikamoo, ananijibu marahaba, basi, anampa mama simu. Niliogopa sana. Nilijiona nimepoteza kazi mbili na baba kwa neno moja.

Kisha jibu likaja. Nafasi imepatikana, mafunzo ya kupima chipu, maabarani kwao. Yule mama aliandika kwamba waliosailiwa wengi walisema watafanya lolote, na yeye alikuwa anatafuta mtu wa jambo moja.

Namshukuru mjomba aliyeniona nilipokuwa sijioni. Nawashukuru nyinyi, mlionisikiliza Jumamosi nyingi nikilalama. Na wadogo zangu, adabu tusiiache, lakini mtu akikuuliza unataka nini, huenda kweli anataka kujua. Kama hujui, kaangalie ni tabu gani ukiwa nayo hununi.

Baba yupo pale nyuma. Msigeuke sana, atatoka. Jana mzee mmoja alimsimamisha nje ya msikiti, akamwuliza, "Binti yako kapangiwa wapi?" Nilikuwa nyuma yao, nikasimama.

"Hakupangiwa," baba akasema. "Kachagua mwenyewe."

Yule mzee akadhani hakusikia vizuri, akarudia swali. Na baba akarudia jibu.